Usafi wa Historia ya Kengele

Ilikuwapo nchi, na kwa mujibu wa taarifa za serikali yake bado ipo, ambayo haikuwahi kukosea hata mara moja. Jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, bali kwa sababu wakati haya yanaandikwa jina lenyewe lilikuwa limepelekwa kamatini kufanyiwa usafi. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Kumbukumbu Njema. Wizara ilikuwa na Idara ya Programu, na ndani ya idara hiyo, ghorofa ya pili, kwenye dirisha linalotazama magari mabovu ya serikali, alikaa mwanamke mmoja aliyeitwa Nyamizi Kalunde.

Nyamizi aliandika programu za kompyuta. Kwa miaka miwili na nusu yeye na mwenzake, Feruzi Lihame, walikuwa wakiandika programu moja tu, Programu ya Kengele. Kazi yake kuieleza ni rahisi. Ndani ya Mto Lubeya kulifungwa vipimo. Vipimo vikiona maji yamepita alama, kengele inalia katika kijiji cha Malombwe, na watu wanapanda mlimani.

Wanaoandika programu kwa kushirikiana wana desturi yao. Kila mmoja anapobadilisha kitu, hata nukta, mashine inahifadhi ingizo: jina lake, tarehe, saa, alichobadilisha, na sentensi moja au mbili za kueleza kwa nini. Maingizo hayo yanapangana moja baada ya jingine, na mpangilio huo ndio wanaouita historia. Humo mna kila jambo, lililofaa na lililoharibika, na jina la mhusika pembeni. Historia ya kengele ilikuwa na maingizo elfu moja mia nne na kumi na mawili.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa nane mchana, Mto Lubeya ulipanda. Kengele haikulia. Watu tisa wa Malombwe walikufa.

Waziri alitoa tamko jioni ile ile. Alisema kengele ilikuwa katika utayari wa kiwango cha juu, ila maji yalikuja bila kufuata utaratibu.

* * *

Uchunguzi ulifanywa kwa kasi ambayo wananchi waliisifu. Wachunguzi walikuja ofisini, wakafungua historia, wakatazama ingizo la mwisho kabisa, la 1,412. Liliandikwa na Feruzi siku ile ile ya mafuriko, saa tisa na robo mchana: "Nimekuta kengele imezimwa. Nimeiwasha." Wachunguzi wakauliza nani wa mwisho kuishika programu. Feruzi akasema ni yeye. Wakamfunga pingu. Shtaka lilikuwa kuchezea mali ya taifa, yaani kengele, baada ya tukio. Kwamba alichofanya ni kuitengeneza halikuwa kosa dogo. Kutengeneza kitu cha serikali ni kudai kwamba kilikuwa kibovu.

Hakuna mchunguzi aliyeangalia ingizo lililotangulia.

Nyamizi alikuwa amesimama pembeni, kikombe cha chai mkononi, anawatazama wakimshusha Feruzi ngazi. Kinywa chake kilikuwa wazi kidogo kama cha mtu anayetaka kupiga chafya. Chafya haikuja.

Maana mambo yalikuwa hivi. Miezi miwili kabla, Waziri alikwenda Malombwe kuzindua bomba la maji, na kengele ikalia kwa majaribio katikati ya hotuba yake, pale pale aliposema neno "utulivu". Watu walicheka. Waziri alipopanga kurudi, Mkurugenzi wa Idara, Dokta Shebughe, alimwagiza Feruzi aizime kengele kwa siku ya ziara. Feruzi akakataa, na badala ya kuzima akaongeza mstari wa onyo ndani ya programu, akaeleza kwenye ingizo: "Kengele hii isizimwe kwa sababu yoyote. Mto hausomi ratiba ya ziara. Ikizimwa, watu watakufa." Dokta Shebughe hakugombana naye. Alisubiri Jumatano Feruzi akiwa chumba cha pili, akampigia simu Nyamizi.

"Bi. Kalunde, nizimie ile kelele ya Malombwe. Siku moja tu."

Nyamizi alikuwa na mama anayemtegemea na mkataba uliobakiza miezi mitatu. Akazima. Kwenye ingizo akaandika: "Nimezima kengele kwa maagizo ya simu kutoka juu." Akaweka jina lake, kwa sababu mashine haikubali ingizo lisilo na jina. Lilikuwa ingizo la 1,411.

Ziara ikaahirishwa. Kengele hakuna aliyeikumbuka, wala Nyamizi mwenyewe hakukumbuka kuiwasha. Siku sita baadaye mto ukapanda.

* * *

Wiki ya tatu baada ya Feruzi kukamatwa, ulitoka Waraka Namba Tisa Kuhusu Usafi wa Historia. Ulieleza kwamba programu zote za serikali zitaunganishwa kwenye programu moja kubwa iitwayo Shina la Taifa, na kwamba ni aibu kwa programu kuingia Shinani ikiwa na historia chafu. Historia chafu ilifafanuliwa kuwa ni historia yoyote inayoonyesha kwamba jambo fulani lilifanywa kabla ya kufanywa vizuri.

Kiambatisho kiliorodhesha maneno yasiyoruhusiwa. Neno "kosa" lilipigwa marufuku, pamoja na "kurekebisha", "samahani", "nimesahau" na "tena". Aliyetaka kusema kwamba amerekebisha kosa alitakiwa aandike kwamba ameongeza ubora juu ya ubora.

Dokta Shebughe alimwita Nyamizi ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini. Hakuwahi kuandika mstari hata mmoja wa programu, na jambo hilo alilihesabu kama ushahidi kwamba hakuwahi kuharibu hata mmoja.

"Historia ni uso wa taifa, Bi. Kalunde," alisema. "Hatuwezi kuupeleka uso wetu kwenye sherehe ukiwa na matongo. Maingizo ya kengele ni mangapi?"

"Elfu moja mia nne na kumi na mawili, Mheshimiwa."

"Nataka liwe moja."

"Moja?"

"Ingizo moja safi. Kengele iliandikwa, ikakamilika, ikafanya kazi. Tarehe iwe mwezi wa tatu, kabla ya lile jambo la maji. Nakupa wiki mbili."

Nyamizi alitazama zulia. "Mheshimiwa, kesi ya Feruzi bado ipo mahakamani. Hii historia ndiyo..."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo inayoonyesha nani alifanya nini."

Dokta Shebughe aliinama mbele, akashusha sauti kama anayempa pole mfiwa. "Nimeyasoma yote, binti yangu. Mpaka lile la 1,411. Sijui kama umenielewa. Usafi huu nakusafishia wewe pia."

Nyamizi alimwelewa. 

* * *

Kusafisha historia si kazi ngumu ya mikono. Unalichukua ingizo, unaliyeyusha ndani ya linalofuata, na sentensi iliyoandikwa inapotea. Programu yenyewe haiguswi. Kinachoondoka ni habari za watu walioiandika. Nyamizi alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi kwa sababu za kawaida tu, kupunguza takataka kabla ya kuunganisha kazi. Safari hii alianza na maingizo yake mwenyewe, akidhani yatauma kidogo.

Siku ya nne akafika kwenye ya Feruzi. Yalikuwa mia sita na kumi na moja, na Feruzi hakujua kuandika sentensi ya kiofisi. "Nimeondoa mkato mmoja ulioninyima chakula cha mchana." "Kipimo cha tatu kinasema mto umekauka. Mto haujakauka, nimeupigia simu." "Leo mke wangu amejifungua, kwa hiyo kazi hii ni nusu, nusu nyingine kesho." "Nyamizi ameona nilichokosa kukiona. Asante Nyamizi."

Aliliyeyusha hilo la mwisho. Akasubiri kidogo, akaendelea na jingine.

Lilipofika lile la onyo, kidole hakikushuka. Alikaa mbele yake tangu saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Alijiambia kwamba hata akiliacha, Dokta atampa mtu mwingine alifute. Alijiambia kwamba mama yake hawezi kula ukweli. Alijiambia mambo kadhaa ya namna hiyo, yote yana mantiki, kisha akabonyeza. Baada ya hapo likaja lake mwenyewe, la 1,411, alilokuwa ameliruka mwanzoni, na hilo lilipotea kwa urahisi mno, hata akaliona kama aibu nyingine mpya.

Kabla ya kuanza kazi alikuwa ameihifadhi historia yote, kama ilivyokuwa, kwenye flashi ndogo. Kila mwandishi wa programu hufanya hivyo asije akaharibu. Waraka ulisema nakala zote chafu zikabidhiwe zichomwe, na kompyuta zote za idara zilipekuliwa. Nyamizi alikabidhi flashi nyingine, yenye picha za harusi ya binamu yake. Ilichomwa mbele ya mashahidi watatu. Kwa nini alifanya hivyo hakujua. Wakati huo alisema moyoni kwamba ni uangalifu wa kikazi.

* * *

Jumamosi alikwenda kumtazama Mwanahawa, mke wa Feruzi. Alimkuta uani anafua nguo za mtoto, macho yamevimba. Mwanahawa alimtolea kigoda.

"Karibu, wifi. Wewe peke yako ndiye umekuja kutoka kule kazini."

"Wengine wana shughuli, wifi."

"Najua wanaogopa. Siwalaumu." Alikamua shati, akaliweka kwenye beseni. "Feruzi kaniambia nisihofu. Kasema huko kwenye mashine yenu kila kitu kinaandikwa. Nani kazima, nani kawasha. Kasema wakisoma tu watajua. Eti kweli?"

Nyamizi akasema, "Kweli, vinaandikwa."

"Sasa si wasome?"

Nyamizi alijibu kwamba watasoma. Alikaa muda mfupi tu, akakataa uji, akaondoka. Kwenye kona ya mtaa aliinama mferejini akatapika, na mama mmoja muuza mihogo akamletea maji ya kusukutua, akimpongeza kwa kudhani ni mjamzito.

* * *

Ingizo moja safi lilipokuwa tayari, likazuka swali ambalo Waraka haukulijibu: lina jina la nani? Kamati ya Majina ilikaa siku mbili. Mjumbe mmoja alipendekeza liandikwe "Wananchi Wote", lakini mashine haikukubali bila anwani ya barua pepe. Mwingine alipendekeza jina la Waziri, na Waziri akajibu kwa unyenyekevu kwamba yeye ameshaandika sana.

"Liwekwe langu," akasema Dokta Shebughe, kama mtu anayejitwisha mzigo wa wenzake.

Nyamizi, aliyekuwa amekaa nyuma kwa ajili ya kueleza mambo ya kitaalamu, aliinua mkono. "Mheshimiwa, atakayeandikwa hapa, kitabuni ndiye atakuwa amefanya kila kitu. Kila mstari."

"Ndiyo maana, Bi. Kalunde," alisema Dokta kwa upole. "Ndiyo maana."

Sherehe ya kuunganisha ilifanyika uwanja wa wizara, kompyuta ikiwa juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha bendera, utepe umezungushwa kwenye kibodi. Bendi ya polisi ilipiga nyimbo tatu. Dokta Shebughe alikata utepe, na kwa bahati mbaya akakata na waya wa kibodi, ikabidi iletwe nyingine. Alisema katika hotuba yake kwamba programu hii imeandikwa siku moja, na mtu mmoja, bila kufuta hata herufi, na kwamba mataifa mengine yameanza kuuliza inawezekanaje. Alivishwa nishani. Nyamizi alipiga makofi pamoja na wengine. Kila alipotaka kuacha aliona mtu anamtazama.

* * *

Lakini alikuwa na tumaini, na tumaini hilo ndilo lililomfanya aweze kupiga makofi. Alihesabu hivi: Feruzi ameshtakiwa kwa kushika programu. Historia rasmi sasa inasema Feruzi hajawahi kuishika. Basi hakuna kesi.

Na ikawa hivyo kweli. Mahakama ilipokutana, wakili wa serikali aliomba shauri lifutwe, kwa kuwa kumbukumbu za taifa hazimtambui mshtakiwa. Shauri likafutwa kwa dakika sita. Mwanahawa alimkumbatia Nyamizi, akalia juu ya bega lake, akamwita dada, na Nyamizi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne alihisi njaa.

Wakaenda gerezani na nguo safi za Feruzi ndani ya mfuko. Mkuu wa gereza, Afande Ndulu, alikuwa mtu mwenye huruma na aliyapekua makaratasi yake mara mbili.

"Huyu simwoni," alisema.

"Yumo humu ndani, afande," Mwanahawa akasema. "Juzi nimemletea wali."

"Kuwapo yupo. Hata asubuhi nimemsalimia. Nasema kwenye makaratasi. Ili nimtoe mfungwa nahitaji namba ya kesi. Kesi imefutwa, namba imefutwa nayo. Nikimtoa mtu asiye na kesi, kwenye kitabu atasomeka ametoroka, na atakayefungwa ni mimi."

"Sasa afanyeje?"

Afande Ndulu alifikiri kwa dhati. "Mwajiri wake aandike barua kwamba ni mtumishi wake na anamhitaji kazini. Hiyo ningeipokea."

Nyamizi alikwenda mbio mpaka kwa Dokta Shebughe. Hakugonga mlango.

"Mheshimiwa, naomba barua moja tu. Kwamba Feruzi Lihame ni mtumishi wa idara hii."

"Nani?"

"Feruzi, Mheshimiwa."

Dokta Shebughe alimtazama, na jambo lililomtisha Nyamizi ni kwamba usoni mwake hamkuwa na uongo. Alikuwa ameshasahau, au alikuwa anasahau mbele ya macho yake, kwa bidii, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa. "Programu ya Kengele niliiandika mimi, binti yangu," alisema. "Peke yangu. Huyo mtu angekuwa anafanya kazi gani hapa?"

Nyamizi alipiga magoti kwenye zulia. Hajui alisema nini na nini. Anakumbuka alitaja mtoto wa Feruzi, na akataja watu tisa, na alipotaja watu tisa Dokta alibonyeza kengele ya mezani kumwita mlinzi. Hiyo ililia vizuri.

* * *

Mwezi mzima ulipita. Feruzi alikuwa gerezani bila kesi, bila namba, na baadaye bila chakula cha serikali, kwa kuwa sahani hutolewa kwa kufuata namba. Mwanahawa alimpelekea chakula kila siku kwa miguu. Alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili na nusu. Hakumuuliza tena Nyamizi habari za mashine.

Usiku Nyamizi hakupata usingizi, na mchana alikuwa akisoma sentensi moja mara tano bila kuielewa. Kilichomtesa hakikuwa kutojua la kufanya. Alijua. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani palipobaki pameandikwa kwamba Feruzi Lihame alifanya kazi, alionya, na aliwasha. Na mahali hapo hapo, mstari wa jirani, pameandikwa jina lake yeye. Viwili hivyo havikutenganishika. Angeweza kufuta mstari wake akaacha wa Feruzi. Aliwaza hivyo, siku moja aliifungua hata flashi. Akakumbuka kwamba akifanya hivyo atakuwa anasafisha historia kwa mara ya pili, na safari hii bila kuagizwa na mtu. Akaifunga.

Alimpeleka mama yake kwa dada yake mkubwa. Akachapisha historia yote, kurasa mia mbili na tatu, kwenye duka la kuchapishia kalenda na kadi za harusi. Akaenda gerezani.

"Afande," alisema, "huyu hapa Feruzi. Ana maingizo mia sita na kumi na moja. Na aliyezima kengele ni mimi. Ukurasa wa mwisho."

Afande Ndulu alisoma kurasa tano, akatabasamu kwenye ule wa mto kupigiwa simu, kisha tabasamu likakoma. "Dada yangu," alisema, "hii ni historia chafu. Kuwa nayo tu ni miaka miwili."

"Nimekuja kusema niliua watu."

"Hilo siwezi kuliandika. Kengele haikuzimwa, serikali imeshasema." Alivua kofia, akaiweka juu ya meza. "Ninaloweza kuliandika ni hizi karatasi."

* * *

Akashtakiwa kwa kupatikana na historia chafu, Sheria ya Usafi, kifungu cha nne. Mbele ya Hakimu Tekla Mbunda, Nyamizi alisema anakiri kosa, na kwamba anakiri na jingine kubwa zaidi. Hakimu alimwambia akiri alichoshtakiwa tu. Mahakama si soko la kujichagulia makosa.

Lakini sheria za nchi ile, ambazo nyingi zilikuwa za zamani na hakuna aliyekumbuka kuzifuta, zilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza kilitaka maandishi yoyote yanayotolewa kama kielelezo yatambuliwe na aliyeyaandika. Cha pili kilitaka yakishapokelewa yasomwe yote, kwa sauti, mbele ya watu. Wakili wa serikali alipinga vyote viwili. Hakimu Tekla, ambaye alibakiza mwaka mmoja astaafu na hakutaka rufaa yoyote imkute nyumbani, alivifuata vyote viwili.

Ndipo ikatolewa hati ya kumwita shahidi Feruzi Lihame, na hati ina namba. Afande Ndulu alimleta mwenyewe. Feruzi alikuwa mifupa na ndevu. Akaulizwa kama anayatambua maandishi yale. Akayatambua. Akaulizwa kama alijua tangu mwanzo nani aliizima kengele.

"Nilijua siku ile ile. Nilisoma ingizo kabla sijaiwasha."

"Mbona hukuwaambia wachunguzi?"

"Waliniuliza kama nimeishika programu. Nikasema ndiyo. Hawakuniuliza kingine." Akageuka kizimbani. "Nilidhani atakuja mwenyewe."

Shahidi akimaliza kutoa ushahidi, kwa sheria hizo hizo za zamani, anakwenda zake. Feruzi alipita karibu na kizimba. Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa tusi, hata kwa mate. Feruzi alisimama akamwambia, taratibu, kama mtu asiyeelewa jambo na angali anajaribu kulielewa:

"Siku ile alipokupigia simu, ungeniita tu. Nilikuwa chumba cha pili."

Nyamizi alishika ubao wa kizimba. 

* * *

Kusoma kulichukua siku tatu. Karani wa mahakama, msichana mwenye mafua aitwaye Shangwe, alisoma ingizo moja moja bila kuinua macho. Siku ya kwanza walikuwapo watu saba. Siku ya pili habari zilikuwa zimefika Malombwe, na wakaja kwa lori, wakajaza mabenchi na madirisha. Walicheka aliposoma la mkato uliomnyima Feruzi chakula cha mchana. Hawakujua kama kucheka kunaruhusiwa, wakacheka kwa kujificha.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, Shangwe akafika lile la onyo. "Mto hausomi ratiba ya ziara. Ikizimwa, watu watakufa." Hakuna aliyecheka. Akageuza ukurasa. "Ingizo la elfu moja mia nne na kumi na moja. Nyamizi Kalunde. Nimezima kengele kwa maagizo ya simu kutoka juu."

Mwanamume mmoja akasimama kwenye benchi la nne. Alisema anaitwa Lugano, anasaga nafaka Malombwe, na kwamba binti yake alikuwa mashineni anamsaidia siku ile maji yalipomchukua. Hakupaza sauti.

"Naomba lisomwe tena."

Hakimu Tekla akatazama vifungu vyake. Hakuona kinachokataza. Shangwe akasoma tena. Lugano akaomba lirudiwe, likarudiwa. Macho yake hayakutoka kwa Nyamizi, na Nyamizi hakuyakwepa; midomo yake ilikuwa ikiyasema maneno yale pamoja na karani.

"Kutoka juu," Lugano akasema. "Huko juu ni kwa nani?"

"Kielelezo hakisemi," akajibu Hakimu. "Keti, baba."

"Ni Dokta Shebughe," akasema Nyamizi. "Mkurugenzi wa Idara ya Programu. Alinipigia Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mimi nikazima."

Wakili wa serikali alikuwa amesimama kabla hajamaliza. Hakimu aligonga meza. Alisema mshtakiwa haruhusiwi kuongeza neno kwenye kielelezo, na kwamba maneno hayo yafutwe kwenye mwenendo wa shauri.

Shangwe alikuwa ameshayaandika, kwa kuwa kazi yake ni kuandika linalosemwa. Alipenga kamasi, akashika kalamu.

"Mheshimiwa Hakimu," aliuliza, "niandike yamefutwa kwa amri ya nani, saa ngapi, na kwa sababu gani?"

Hakimu Tekla Mbunda alimtazama karani. Akawatazama watu wa Malombwe madirishani, akamtazama Lugano ambaye alikuwa hajaketi. Akapitisha kidole juu ya kifungu cha sheria ambacho hakikumsaidia.

"Yaache," alisema.

Nyamizi alifungwa miaka miwili.